Chupa ya Kifuniko Chekundu

Ndugu yangu mwenye mke, watoto na wakwe chini ya bati moja, wewe utanielewa bila kuapiwa. Nyumbani kwetu hapa Tanga hakuna kitu cha mtu mmoja. Taulo langu ni la wote, chaja yangu ni ya wote, na upande wangu wa kitanda hugeuka wa mjukuu ikifika adhuhuri. Hayo nimeshayazoea. Ila mwaka huu ilikuwapo chupa moja ya mafuta ya nazi ambayo mimi na mke wangu tulitaka ibaki yetu wawili, na patashika ya kuilinda ndiyo inayonifanya nikukalishe hapa.

Kwanza uwajue waliomo. Salma, kifungua mimba wetu, amerudi nyumbani kujifungua, maana kwetu mzaliwa wa kwanza huletwa duniani mikononi mwa bibi yake. Nyuma yake akaja mama mkwe wangu kutoka Pangani, kumtunza mzazi mpaka arubaini itoke. Huyu tunamwita Waziri wa Afya, akiwa hayupo karibu. Magoti, mba, visigino vilivyopasuka, kichwa cha mtoto, hata moyo mzito, kwake matibabu huanzia kwenye mafuta ya nazi. Nyuma ya Waziri akaja shemeji yangu, Redio Mbao. Habari akiipata asubuhi, adhuhuri mtaa wetu mzima wa Ngamiani unayo. Ongeza Bi Kioo, binti yetu wa sekondari, na Fundi, kitinda mimba, ambaye hufungua kila kilichofungwa na kukifunga kwa namna nyingine.

Sasa chupa yenyewe. Mke wangu, Mama Salma, amevuka hamsini na hedhi imemkoma. Joto la usiku kila mtu analijua. Shuka huruka upande wangu hata Julai. Usiloliona ni ukavu. Aliponiambia kwamba tukikutana anaumia, na kwamba amekuwa akivumilia, tulikwenda kliniki pamoja. Muuguzi, mama mtu mzima, alitueleza waziwazi: hedhi ikikoma, homoni ya estrojeni hushuka, utando wa uke huwa mwembamba na mkavu. Mama anayenyonyesha naye hupatwa na hali hiyo kwa muda. Hali ikizidi, ipo dawa ya kupaka yenye homoni, ya kuandikiwa na daktari. Dukani vipo vilainishi vya maji. Na mafuta ya nazi je? Wengi huyatumia na yakawafaa, akasema, mradi yawe safi, yasiwe na asumini wala karafuu wala manukato yoyote, mtu ayajaribu kwanza kwenye ngozi ya mkono, na akiwashwa aache. Kukiwa na muwasho usiokwisha, au damu ikitoka baada ya hedhi kukoma, hapo asitafute mafuta, arudi hospitali. Halafu akatupa sharti la mwisho: chupa iwe peke yake, vidole vya watu wengine visiingie humo.

Ndugu yangu, vidole vya watu wengine visiingie! Katika nyumba hii?

Mafuta hayo Mama Salma hakukubali kuyanunua, hivyo nikakalia mbuzi. Nilikuna nazi zilizokomaa, maana koroma lina maji mengi na mafuta haba. Waziri akakamua tui kwa kifumbu alichokuja nacho kutoka Pangani, akalilaza usiku kucha. Asubuhi utando mzito umepanda juu na maji yametulia chini. Akaengua wa juu, akauinjika kwenye moto mdogo, akawa anakoroga hadi mashata yakaingia rangi ya kahawia na sufuria ikaacha kunguruma. "Kelele zikiisha, maji yameisha," husema. Maji yakibaki, mafuta huchacha, ndiyo maana kwake mtu anayechovya kijiko chenye unyevu amevunja sheria ya nchi.

Katika shughuli hiyo Fundi alitaka kuonja mashata kabla hayajapoa, akaungua vidole. Waziri akainuka na mafuta, Mama Salma akainuka na mtoto. Mama Salma akawahi. Akamweka mwanawe chini ya bomba, maji ya baridi yakitiririka kwa dakika ishirini, akimweleza mama yake kwa adabu kwamba mafuta juu ya ngozi iliyoungua sasa hivi hufungia joto ndani. Waziri alitazama bomba, akatutazama sisi, akasema, "Haya, nyinyi mmesoma." Nimeishi na familia hii miaka mingi na sijasikia kushindwa kukikubaliwa kwa neno fupi zaidi.

Basi mafuta mengi yakaenda jikoni kwenye chupa kubwa. Kiasi kidogo Mama Salma akakitia kwenye chupa ya jamu aliyoichemsha na kuianika, yenye kifuniko chekundu, akaiweka juu ya kabati chumbani kwetu. Jioni ile ile nikaikuta ukumbini.

Waziri alikuwa amenyoosha miguu juu ya mkeka, kitukuu kalala mapajani pake, chupa wazi ubavuni. Alikuwa akimkanda mtoto kutoka kwenye paja hadi unyayo, polepole, akimvuta mkono wa kulia kuukutanisha na mguu wa kushoto, na kitoto kile, ambacho mchana kutwa kilikuwa kimelia, kimenyamaza na kumkodolea macho. Ungeweza kusema neno? Mimi sikuweza. Ngozi changa hupoteza maji upesi, na mafuta yakipakwa mwili ukiwa bado na unyevu wa kuoga huyazuia maji yasitoke. Waziri hajaisoma popote sayansi hiyo. Aliikuta mikononi mwa mama yake. Nilikaa nikawatazama mpaka walipomaliza, kisha nikairudisha chupa juu ya kabati.

Kesho yake iko bafuni kwa Bi Kioo. Amesikia kwenye simu kwamba mafuta ya nazi hung'arisha uso, akajipaka usiku mzima, akaamka na vipele paji zima la uso. Mama yake akamweleza kwamba mafuta haya ni mazito kwa uso wenye chunusi, huziba vinyweleo. Kwenye nywele, viwiko na magoti ni sawa, ila jua hayalizuii. Bi Kioo akanuna. Mimi moyoni nilishukuru. Wenzake wanakimbilia mkorogo wenye zebaki na haidrokwinoni, vitu vilivyopigwa marufuku nchini katika vipodozi kwa madhara yake, na ngozi ikishaharibiwa na vitu hivyo kuirudisha ni kazi ngumu. Bora binti yangu anunie mafuta ya bibi yake.

Kisha nikaikuta uani, Fundi anapaka mnyororo wa baiskeli. Kisha jikoni, Redio Mbao anakaangia vitumbua. Kila niliyemuuliza kwa nini hakuchukua ya jikoni alinijibu jibu lile lile: ya chumbani ni safi zaidi! Na hapo ndipo mume mwenye wakwe anapokwama. Utasemaje? Utamweleza mama mkwe wako, ambaye ukimwamkia unainamisha macho, kazi ya chupa ile? Mama Salma akiificha kabatini, Fundi anaipata. Akiifunga kwa kitambaa, Bi Kioo anauliza kitambaa cha nini.

Ikaja asubuhi moja ya baridi ya Julai, mafuta yameganda meupe. Redio Mbao akaitangazia nyumba kwamba yamechakachuliwa. Ikabidi nimweleze shemeji yangu kwamba mafuta halisi ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na kwamba kwa jamaa zetu wa Lushoto, kule milimani, kuyakuta yameganda si ajabu. Akanisikiliza. Kabla ya adhuhuri Ngamiani nzima ilijua habari za nyuzi 24, naye ndiye mgunduzi.

Lakini kuna la Redio Mbao ambalo siwezi kulichekea. Nilikuwa kwenye mbuzi tena, nyuma ya dirisha la jikoni, nikamsikia akimfunda Salma: arubaini ikitoka, mumeo akirudi chumbani, usiteseke na ukavu, mafuta ya nazi yapo. Salma akamnong'oneza kwamba wao wameamua kutumia kondomu mpaka mtoto akue. "Sawasawa, yote pamoja!" akasema Redio Mbao.

Mama Salma akaacha mwiko. Sauti yake ilikuwa ya chini na nzito. Mafuta, akasema, yawe ya nazi, ya mgando au ya mtoto, huiharibu kondomu ya mpira. Huilegeza ndani ya dakika chache na inaweza kupasuka bila wenyewe kujua, na hapo kinga ya mimba na ya maradhi yote imekwenda. Mwenye kutumia kondomu atumie kilainishi cha maji. "Hili, mdogo wangu, ukilitangaza, litangaze lote. Usiache nusu."

Kimya kikaanguka jikoni. Nami nikaendelea kukuna nazi iliyokuwa imeshakwisha.

Waziri alikuwa pale pale, anachambua mchele. Ujue kwamba katika ujana wake alikuwa somo. Wanawali wa Pangani kadhaa waliingia ndoani wakiwa wamepita mikononi mwake. Hakusema kitu. Ila usiku, tulipokaa wote mkekani kula, alinawa, akapiga bismillahi, akatangaza: "Chupa yenye kifuniko chekundu asiiguse mtu. Ina dawa ya mgongo wa baba yenu."

Hakunitazama. Nami sikumtazama. Mama Salma akainamia sahani. Bibi yule alikuwa ameyajua yote, pengine tangu siku ya kwanza, akatafuta mlango wa kutokea ambao heshima yangu, ya mke wangu na yake mwenyewe zingepita bila kugusana. Asubuhi nikaikuta chupa mpya juu ya kabati, mafuta masafi kama maji ya kisima, imefungwa kwa kipande cha kanga. Haijaguswa tena.

Ushindi huo una gharama, na wa kuilipa ni mimi. Siku hizi Fundi haniachi nibebe ndoo. Bi Kioo ananiletea mto kila nikikaa. Redio Mbao ameshaifikisha habari ya mgongo msikitini, na kila baada ya alasiri napokea pole barazani. Nazipokea zote na kusema alhamdulillahi, unaendelea vizuri. Katika nyumba hii mtu huchagua lipi la kushindwa, na hili nimelichagua kwa moyo mkunjufu.

Jambo moja tu limenikaa rohoni. Wanawake wa pwani wana masomo, wana jikoni, wana mahali pa kuulizana. Sisi tuna baraza, na barazani tunazungumza mpira, bei ya mchele na siasa. Mke anaumia kitandani, anavumilia, na mume hana wa kumuuliza. Haipasi. Muulize mkeo kwa upole kabla hajalazimika kukwambia, kisha mwende kliniki wote wawili.

Juzi mwenzangu mmoja wa barazani, mtu mzima wa rika langu, alinifuata hadi mlangoni. Akageuka huku na huku, akaniuliza kama ile dawa ya mgongo inafaa pia kwa wake zetu. Nilimkaribisha ndani, nikafunga mlango, nikamweleza kila neno la muuguzi, na la kondomu sikuliacha.