Mwongozo kwa Ua Linalotafuta Mshenga

Ewe ua, miguu huna, na mchumba wako naye kasimama palepale alipoota. Basi kabla hujachanua, chagua mshenga wa kukupelekea chavua. Umbo lako lote litafuata uamuzi huo.

1. Ukimchagua upepo, jifunze kwa mahindi. Upepo hauoni wala haunusi, kwa hiyo usihangaike na rangi, manukato wala nekta. Petali pana zitaziba njia tu. Inua mbelewele juu ya mmea, chavua iwe kavu na nyepesi, tena uimwage kwa mamilioni, kwa kuwa nyingi itapotelea ardhini. Chini, kwenye hindi changa, toa ndevu ndefu zinazonasa. Kila unywele una punje yake. Usipopata chavua, punje haipo, na mkulima atamenya hindi lenye mapengo. Ndiyo maana mahindi hustawi yakipandwa mistari kadhaa pamoja, kuliko mstari mmoja mrefu ambao upepo huupukusa na kwenda zake.

2. Ukimchagua nyuki, jifunze kwa boga. Tandaza petali pana za manjano. Nyekundu tupu nyuki haioni vizuri, lakini huona mwanga wa urujuanimno ambao binadamu hauoni. Ficha nekta chini kabisa, ili akiifuata ajipake chavua yako nzito yenye kunata. Ua dume na ua jike yote yampe nekta, maana mshenga hali upande mmoja tu. Fungua alfajiri, kufika adhuhuri utakuwa umefunga. Akija mara chache, boga litakuwa kombo au litaanguka likiwa changa.

3. Ukitaka mshenga mwenye nguvu, jifunze kwa nyanya. Ifungie chavua ndani ya mrija, itokee nchani kwa kutikiswa. Upepo utasaidia. Nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao hulikamata ua na kulitetemesha kwa misuli ya mabawa; nyuki wa asali hawawezi.

4. Mengine mwachie mkulima. Ewe mkulima, usipige dawa ya wadudu asubuhi maua ya boga yakiwa wazi. Kama ni lazima, ngoja jioni nyuki wamerudi mzingani. Na gogo kavu lililo pembeni mwa shamba usilichome: wale weusi wamejenga humo, na huzisaidia nyanya zako.