Orijino ya Shilingi Ngapi?

Jumamosi iliyopita nilichekwa na gereji nzima. Watu waliokuwa uvunguni mwa magari walitoka kuja kunitazama, kijana wa kupaka rangi akashusha barakoa ili acheke vizuri, na mama lishe aliyekuwa akipakua wali maharage akasitisha huduma. Nilichokuwa nimesema ni hiki tu: "Fundi, nataka unibadilishie mkanda wa taimingi."

"Umekatika?"

"Haujakatika."

"Gari linagonga? Linatoa moshi? Asubuhi linasumbua kuwaka?"

"Linawaka vizuri tu."

Fundi alijifuta mikono kwa kipande cha fulana, taratibu, kidole kimoja kimoja, kisha akawageukia wenzake. "Jamani, njooni muone. Huyu bosi gari lake zima, kaja kulitengeneza."

Aliyenimaliza hasa ni mama lishe, na yeye alidhani ananitetea. "Mwacheni baba wa watu," alisema. "Wenye hela wana mambo yao." Nilikuwa nimevaa kandambili.

Chanzo cha yote ni taa. Gari ni Surf ya dizeli ya mwaka 1996, injini ya 1KZ. Siku moja kabla ya kuchekwa tulikwenda Kituo cha Mabasi cha Magufuli, kule Mbezi, kumpokea mama mkwe aliyekuwa anatoka Moshi. Wakati wa kurudi, tulipofika Kimara, kikawaka kitaa kwenye dashibodi, kimeandikwa T-BELT. Mke wangu akasoma BELT, akafunga mkanda. Taa haikuzimika. Akageuka nyuma: "Mama, samahani, funga mkanda." Mama akafunga. Taa inawaka. Mtoto akafungwa. Taa inawaka. Ukabaki mkungu wa ndizi uliokuwa umekalishwa katikati, nao ukafungwa, kwa sababu mke wangu aliwahi kusikia kwamba magari ya Japani yanahisi uzito kwenye kiti. Tuliingia Tabata abiria wote tumefungwa kisawasawa pamoja na ndizi, na taa inatukodolea macho. Mama mkwe aliposhuka aliniambia kwa upole, "Baba Neema, gari lako linatuona wote waongo."

Nimeiwaza sana taa ile tangu siku hiyo. Mtu angedhani kuna kitu kule ndani kinachoupapasa mkanda na kuleta taarifa juu. Hakuna. Taa hiyo haijawahi kuuona mkanda hata siku moja. Kazi yake ni kuhesabu kilomita, basi: odomita ikitimiza 100,000, inawaka. Ukifunga mkanda mpya asubuhi na kilomita zikatimia jioni, itawaka. Mkanda ukikatika kwenye kilomita ya 99,000, itakaa kimya kama haikuhusu. Na hata ukiubadilisha, yenyewe haina habari. Kwa gari langu, fundi anatakiwa afungue dashibodi, akahamishe skrubu iliyoko nyuma kutoka tundu moja kwenda jingine, ndipo ianze hesabu upya.

Mkanda wenyewe sasa. Ulibuniwa Marekani miaka ya 1940, na kazi yake ya mwanzo haikuwa kwenye gari, ilikuwa kwenye cherehani. Sindano ikishuka, bobini kule chini lazima iwe mahali pake, la sivyo uzi haukamatwi. Mkanda laini huteleza, na ukiteleza kidogo tu mshono umeharibika, wakaupa meno. Kwenye injini za magari kazi hiyo iliendelea kufanywa na mnyororo au gia za chuma mpaka mwaka 1962, pale kampuni ya Hans Glas, Mjerumani ambaye kampuni yake ilijulikana kwanza kwa mashine za kupandia mbegu, ilipouuza mkanda wa meno ndani ya kigari chake cha Glas 1004. Miaka michache baadaye BMW ikaimeza kampuni. Glas mwenyewe leo hakumbukwi na mtu Tabata, ila mkanda wake ulikuwa ndani ya gari langu, ukisubiri uamuzi wangu.

Kinachonishangaza ni udogo wa kitu chenyewe ukilinganisha na dhamana kilichopewa. Chini ya injini kuna krenki, inayozungushwa na pistoni. Juu kuna kamshafti, inayofungua na kufunga valvu ili hewa iingie na moshi utoke. Krenki ikizunguka mara mbili, kamshafti izunguke mara moja, isizidi, isipungue. Ukienda Morogoro kwa mwendo wa saa nne, injini ikizunguka wastani wa mara 2,000 kwa dakika, utakapoegesha pale Msamvu kila valvu imeshafunguka na kufungwa mara 240,000, bila kukosea hata mara moja. Na kinachosimamia ratiba yote hiyo ni utepe wa mpira wenye nyuzi za kioo ndani yake, upana wa vidole viwili hivi. Oili ikivuja ikaupata, unaanza kulainika. Joto linaukausha. Miaka inauchosha hata gari likiwa limeegeshwa.

Kuna injini zenye huruma. Carina nyingi zilizojaa mjini, zile za 5A na 7A, mkanda ukikatika gari linazimika tu, unavutwa na kamba kwa aibu kidogo, unafungiwa mwingine, unakwenda zako. Dizeli haina huruma hiyo. Dizeli haitumii plagi kuwasha cheche. Hii yangu huibana hewa zaidi ya mara 20 mpaka ipate moto wa kuyawasha mafuta, kwa hiyo pistoni ikifika juu haiachi nafasi ya kupitisha maneno. Mkanda ukikatika, kamshafti inasimama pale pale ilipo, valvu nyingine zikiwa wazi, na pistoni bado ina mbio zake, inapanda na kuzikuta zimesimama njiani. Valvu zinapinda, hedi inafunguliwa, na wewe unaanza kupiga simu kwa ndugu. Kabla ya hapo hakuna mlio wala harufu. Gari linalokaribia kukata mkanda linawaka vizuri tu.

Yote haya nilimweleza fundi, kwa kirefu kuliko hivi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima. "Bosi," alisema, "hata moyo wangu mimi unaweza kusimama sasa hivi bila kupiga kelele. Nikaubadilishe?"

Ili kunituliza akafungua boneti. Ndani, karibu na kifuniko cha mkanda, kulikuwa na kibandiko cha Kijapani ambacho nilikuwa nikikiona siku zote na kukichukulia kuwa pambo. Kumbe mafundi wa kule wakibadilisha mkanda hubandika tarehe na kilomita. Fundi alikisugua kwa kidole gumba chenye oili, akasoma namba: 16.5.20.

"Umeona? 2016, mwezi wa tano. Mchanga kabisa huu."

Nikamwambia Wajapani wanahesabu miaka kwa enzi za wafalme wao. Enzi iliyoitwa Heisei ilianza 1989, kwa hiyo mwaka wa 16 ni 2004.

"Kwa hiyo kwao sasa hivi ni mwaka wa ngapi?"

Nikasema Heisei ilikwisha mwaka 2019, akaingia mfalme mwingine, wakaanza tena na moja.

Akatikisa kichwa kwa wivu. "Ndiyo maana magari yao hayazeeki."

Walicheka tena, na safari hii nilitaka kucheka nao, lakini macho yangu yalikuwa yameshashuka kwenye mstari wa chini wa kibandiko. 103,412. Gari hili nililinunua kwenye yadi moja hapa hapa mjini likisoma elfu sabini na sita na ushee, muuzaji ananipigapiga begani, ananiambia lilikuwa la bibi mmoja wa Kijapani aliyekuwa akilitumia kwenda sokoni. Mwaka 2004 lilikuwa limeshapita laki moja. Lilipofika Dar es Salaam, miaka mingi baadaye, lilikuwa limepungua. Bibi yule sijui alikuwa akienda sokoni kinyumenyume.

Ukitaka kulifanyia mzaha hilo, mzaha upo. Mimi umenikauka. Aliyezichezea kilomita hizo hakunipunja bei peke yake. Amenifungia njia ya kujua. Kila kitu kwenye gari kina hesabu yake, mkanda, oili ya gia, pampu ya maji, na hesabu zangu zote nimezianzia kwenye uongo wa mtu. Taa iliyowaka Kimara ilikuwa ikihesabu kwa uaminifu kabisa, ila ilihesabu ilichoandikiwa na mwizi. Dizeli ikizimika ghafla kwenye kona za Kitonga, usukani unakuwa mzito na breki inaanza kukosa nguvu, na nyuma yako kuna lori la shehena. Halafu umshtaki nani? Muuzaji atasema lilikuja hivyo. Aliyeliagiza atasema alilinunua hivyo mnadani. Nyaraka za mnada, ukiziuliza, zilibaki kwenye ofisi ambayo imehama. Na wewe ukiamua kujikinga kwa hela yako mwenyewe, gereji nzima inatoka uvunguni kukuona mshamba.

Kwa hiyo swali la lini likawa limejijibu: jana. Likabaki la wapi.

Nilianzia gereji kubwa yenye kiyoyozi, ambako mteja hukaribishwa kahawa. Walipotaja bei niliinywa kahawa yote na kuomba nyingine, maana nilihisi nimeshailipia. Mkanda wa kuja nao mteja hawafungi, na mtu kusimama karibu na gari lake wakati wa kazi ni marufuku. Fundi wa kuja nyumbani, niliyepewa na jirani, aliahidi kumaliza kwa saa moja "bila hata kuweka alama". Nikamshukuru, nikazuia namba yake.

Mkanda niliufuata Kariakoo, kule Gerezani, kwenye duka ambalo unaingia kwa ubavu kwa sababu ya beringi na shokomzoba zilizopangwa mpaka darini.

"Orijino ipo?" niliuliza.

Kijana wa dukani alinipima kuanzia kandambili kwenda juu. "Unataka orijino ya shilingi ngapi, mkuu?"

Akaweka boksi tatu kaunta. Rangi moja, nembo moja, namba ya spea ile ile. Moja elfu thelathini na tano, moja elfu themanini, moja laki na themanini.

"Ipi ni orijino?"

"Zote. Hii ni orijino ya kawaida," akagonga ya kwanza kwa kalamu. "Hii orijino kabisa." Akaifikia ya tatu, akaishika kwa mikono miwili. "Hii sasa ndiyo orijino yenyewe."

Nilizinusa. Nilihesabu meno mpaka wateja wa nyuma wakaanza kuguna. Zote tatu zilikuwa na meno sawa, na zote zilinuka mpira. Nikanunua orijino yenyewe, kwa hoja kwamba anayetaka kuniibia kwa laki na themanini angalau atakuwa amejitahidi.



Juzi nikarudi kwa wale wale walionicheka. Nilikuwa nimewafikiria upya. Katika watu wote niliozungumza nao, ni yule fundi peke yake aliyekataa hela yangu. Na kazi anaijua, nitampa haki yake. Kabla ya kulegeza chochote alizungusha injini kwa spana mpaka alama za puli zikakaa sawasawa, akazikazia kwa wino mweupe wa kufutia makosa. Mkanda mpya ulipoingia hakuharakia kupiga stata. Aliizungusha tena injini kwa mkono, mizunguko miwili kamili, sikio karibu na kifuniko, mdomo wazi, akisikiliza kama kuna chuma kinachogusa chuma. Wakati huo hakuna aliyecheka pale, hata mama lishe.

Kisha akaninyooshea mkanda wa zamani. Nikaukunja, nikaugeuza, nikauangalia kwenye jua. Haukuwa na ufa wala jino lililolegea.

"Huu ulikuwa unafika Mwanza na kurudi," fundi alisema. "Niachie basi. Kuna mteja wangu wa Kibaha ana Surf kama hii, nitamfungia kwa bei nzuri."

"Na taa yangu?"

"Kufungua dashibodi ni elfu ishirini. Nikitoa balbu, bure."

Nikalipa elfu ishirini. Mkanda nikaukumbatia. Nikamuuliza kama huyo mteja wa Kibaha angeambiwa kwamba anafungiwa mkanda uliotoka kwenye gari lingine.

"Aambiwe ya nini? Taa yake haiwaki," fundi akasema. "Balbu niliitoa mimi mwenyewe."