Isipokuwa Mzee

Kufungia watu wote nje ni kazi nyepesi. Inataka kufuli na roho ngumu, basi. Kasheshe ni kuwafungia wote halafu umbakize mmoja ndani, hasa ukiwa Uchagani, na hasa Desemba, wakati Wachaga waliotapakaa Dar, Mwanza na Nairobi wamepanda mlima kula Krismasi, kila mmoja na simu mbili.

Mimi ni fundi wa mitandao pale Moshi mjini, na baadhi ya wateja wangu wana nyumba za wageni upande wa Marangu. Mmoja nitamwita Mzee tu, kwa kuwa bado namdai. Shida yake ilikuwa ya kawaida: watalii wakishateremka kileleni na kuoga, wote kwa pamoja wanaanza kurusha na kutazama video, na mtandao unabaki kunyata.

"Kijana, zuia video kwa wote," akasema. Akafikiri kidogo. "Isipokuwa mimi."

Nikaingia kwenye ukuta wa moto, ule mtambo unaokagua kila kinachoingia na kutoka mtandaoni, nikaandika kanuni moja. Kanda ya wageni, kanda ya ofisi, kanda ya jikoni, zote marufuku video. Kisha anwani ya simu ya Mzee, 192.168.10.5, nikaitanguliza alama ya mshangao. Katika mitambo mingi alama hiyo ndiyo "isipokuwa".

Mambo yakaenda vizuri mpaka mhasibu alipouliza, kwa heshima zote, kwani yeye si mtu. Mzee hakutaka kunisumbua, yaani hakutaka kunilipa. Akamwita mpwa wake aliyemaliza chuo, naye akaongeza kanuni ya pili chini ya yangu: zuia wote, isipokuwa mhasibu.

Sasa, ukuta wa moto husoma kanuni kuanzia juu, na ya kwanza inayokuhusu ndiyo inayokuhukumu. Mhasibu akafika kwenye kanuni ya kwanza. Wewe ni Mzee? Hapana. Kaa nje. Mzee naye akafika. Wewe ni Mzee? Ndiyo, basi hii haikuhusu, shuka ya pili. Wewe ni mhasibu? Hapana. Kaa nje. Kwa mstari mmoja tu kijana wa watu alikuwa amezuia kila kiumbe pale, wakiwemo wale wawili waliosamehewa.

Simu iliita kabla sijanywa chai. "Kituo cha Horombo kule mlimani, mita 3,720, TTCL wamepeleka intaneti tangu 2022! Mtu anaongea na mkewe kwa video akiwa juu ya mawingu! Mimi nimo nyumbani, ndani ya kihamba changu, natazama kiduara kinazunguka. Wewe kijana, umenifungia kwangu?"

Nikadandia haisi ya Marangu. Nilipomwonyesha kanuni zile alizielewa haraka kuliko mpwa wake, maana amekulia kwenye mifongo, mifereji yetu ya kumwagilia migomba. Akasema ni kama wazee wawili waende kwenye mfongo usiku mmoja, kila mmoja afunge maji ya wenzake wote na kuacha ya kwake tu: kukicha, migomba ya wote wawili haijaona tone. Dawa ni kuweka juu orodha moja ya wanaoruhusiwa, na chini yake zuio moja kwa waliobaki. Nikaiweka, nikapewa kata ya mbege badala ya hela, nikashuka.

Kisha binti yake akaja kutoka Dar na zawadi ya simu mpya. Ukuta wa moto hauoni mvi za mtu. Unaona anwani, na ile ya Mzee niliifunga kwenye simu ya zamani. Simu za siku hizi, tangu Android 10 ya 2019 na iOS 14 ya 2020, hujitambulisha kwenye waifai kwa namba ya kujibunia. Mzee akawa mgeni sawa na Mjerumani wa chumba cha pili.

"Achana na namba," akaamua. "Tenga kanda ya familia, iachwe nzima."

Nikamuuliza familia ni watu wangapi. Akahesabu kwa vidole: hawafiki kumi. Nikampa anwani 30 na kumsihi asitangaze neno la siri. Hakulitangaza. Alimwambia binti tu. Binti akamwambia mumewe, mume akawaambia mashemeji wa Rombo, wao wakawaambia wakwe wa Kibosho na watoto wa jirani, ambao ukifuatilia sana ni ukoo mmoja. Mkesha wa Krismasi kanda ya familia ilijaa pomoni. Kanda ya wageni ilikuwa na Wajerumani wawili na mlinzi.

Yaliyofuata nilisimuliwa na mhasibu. Mzee alitoka kanisani, akawasha simu, ikakosa anwani. Zote 30 walizishika watu waliokuwa sebuleni kwake wakila mbuzi wake. Mimi nilikuwa nimezima simu; na kwetu ni Krismasi. Ikabidi aende mapokezi kuomba neno la siri la wageni. Msichana aliyekuwepo alikuwa ameanza kazi wiki ileile, na chuo cha hoteli kilikuwa kimemfunza vizuri.

"Shikamoo Mzee, karibu sana. Uko chumba namba ngapi?"