Gramu Mbili na Nusu

Miongoni mwa matengenezo ambayo binadamu huyafanya bila kulazimishwa na kuharibika kwa kitu chochote, kuivua katriji ya kinanda cha santuri gamba lake na kuivisha jingine la mti kunastahili kuwekwa katika fungu la peke yake, kwa kuwa anayeianza kazi hiyo huwa na chombo kinachoimba vizuri, na kwa muda usiojulikana baada ya hapo huwa hana. Katriji, kwa maana inayotumika hapa, si ile ya wino wa printa, bali ni kidude kinachofungwa kwenye ncha ya mkono wa kinanda, chenye sindano ya almasi upande wa chini. Sindano hiyo hupita ndani ya mfereji wa sahani ya santuri, hutikisika kwa kufuata mawimbi yaliyochongwa kwenye kuta za mfereji, na mtikisiko huo hugeuzwa kuwa umeme hafifu na koili na sumaku zilizofichwa ndani ya gamba, kisha umeme huo hukuzwa na amplifaya mpaka spika zikaweza kumwamsha jirani.

Katriji iliyomponza mwandishi wa insha hii ni Denon DL-103, iliyobuniwa Japani mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa ajili ya shirika la utangazaji la NHK. Ina uzito wa gramu 8.5, hutoa umeme wa takriban milivolti 0.3, na huvaa gamba la plastiki ambalo, kwa mujibu wa wapenzi wa fani hii, nalo hutikisika muziki unapopigwa, likawa kama msikilizaji anayeitikia wimbo asioujua. Gamba zito na gumu la mti, wanasema, hutuliza mtikisiko huo. Dai hili lina ukweli ndani yake, ingawa ukweli wenyewe ni mdogo kuliko bei wanazotoza wauzaji wa magamba hayo huko ng'ambo. Mwandishi, aliye mkazi wa Singida mjini, aliona ni aibu kwa Mtanzania kuagiza kipande cha mti kutoka Ulaya ilhali Ulaya yenyewe huagiza mpingo kutoka Tanzania ili kutengenezea klarineti na obo, na kwa kuwa mpingo ni mti mzito kiasi kwamba kipande chake kikitupwa majini huzama, alihitimisha kuwa gamba bora kuliko yote duniani lingeweza kupatikana kutokana na mabaki ya kinyago kilichovunjika mguu, ambacho kilikuwa kikizuia mlango wake usipigwe na upepo. Wanaoufahamu upepo wa Singida wataelewa kwamba hasara ya kwanza ilikuwa ni mlango.

Fundi seremala aliyepewa kazi alikuwa bingwa wa vitanda, na futi yake ya chuma ilikuwa imefutika alama zote za sentimita kumi za mwanzo, sehemu ambayo mtengeneza vitanda haihitaji. Mwandishi alimkabidhi mchoro wenye tarakimu 27, 15 na 15, yaani urefu, upana na kimo, bila kutaja kipimo, kwa kudhani kwamba milimita hujieleza zenyewe. Baada ya siku tatu alikabidhiwa sanduku la mninga, lililochongwa kwanza kama kielelezo kabla mpingo haujaguswa, lenye sentimita 27 kwa 15 kwa 15, bawaba mbili za shaba na vanishi iliyong'aa hata mtu akaweza kujinyolea ndevu humo. Lawama haikuwa ya fundi. Sanduku hilo halikufaa hata kuwekea sahani ndogo za santuri, ambazo zina upana wa sentimita 17 na nusu, na kwa sasa linatunza vitunguu.

Alipoelezwa kwamba kinachotakiwa ni kitu kinachoweza kupotea ndani ya kiganja, fundi aliugeuza mchoro, akautazama kwa mbali, kisha akauliza kwa upole, "Mwalimu, hiki kitanda cha nani? Cha panya?" Hata hivyo aliikubali kazi, akavunja biti tatu za drili, akalilemaza tupa moja, na kwa siku mbili akawa anapiga chafya nyeusi, kwa maana vumbi la mpingo ni jembamba na lina rangi ya makaa. Ugumu ulibaki kwenye matundu mawili ya skrubu, ambayo kwa kawaida iliyokubalika duniani kote ni lazima yaachane kwa milimita 12.7 kamili. Mwandishi alikuwa katikati ya kueleza umuhimu wa ile nukta saba pale ilipomlazimu kukiri kwamba kipimo hicho cha ajabu ni nusu inchi tu. Fundi aliweka penseli chini. "Nusu inchi! Sasa si ungesema hivyo tangu juzi?" Matundu yakatoboka palepale, bila biti ya nne kuvunjika.

Kwa kuwa mkono wa kinanda hufanya kazi kama mizani, ukiwa na katriji upande mmoja na kizito cha kusawazisha upande wa mkiani, na kwa kuwa sindano ya aina hii hutakiwa kuikandamiza sahani kwa gramu 2.5, si zaidi sana wala si pungufu sana, ilikuwa lazima uzito wa katriji iliyovalishwa mpingo ujulikane. Mizani za sokoni hazikusaidia, kwani zimezoea vitunguu na alizeti, na jiwe lake dogo kabisa ni la robo kilo. Mkoa wa Singida, hata hivyo, ni mkoa wa dhahabu tangu enzi za Wajerumani walipochimba Sekenke, huko Iramba, na palipo na wachimbaji wadogo hapakosi mnunuzi mwenye mizani inayosoma sehemu ya mia ya gramu. Mwandishi aliingia katika duka la mmoja wao akiwa amebeba kitu kilichofungwa kwenye leso.

"Karibu, mzee wangu. Umekuja na ngapi?"

"Zilikuwa gramu nane na nusu," alijibu mwandishi kwa uaminifu wa kitaalamu, "ila kwa sasa natarajia zitafika kumi na tatu."

Mlango wa duka ulifungwa kwa ndani. Kitambaa kilipofunuliwa na kidude cheusi kikaonekana, mnunuzi alikigeuza mara mbili, akauliza kama dhahabu imo ndani, naye mwandishi, badala ya kusema hapana na kunyamaza, akafafanua kwamba ndani mna sumaku na waya wa shaba mwembamba kama unywele, na kwamba kitu cha thamani ni ile almasi ya chini. Kisayansi maelezo hayo hayakuwa na kosa, kwa kuwa ncha ya sindano ni almasi kweli, yenye upana wa takriban sehemu ya tano ya milimita. Kijamii yalikuwa maafa. Mizani ilisoma 13.2, na kabla ya adhuhuri vijana wawili wasiojulikana walikuwa wamemsalimu mwandishi kwa heshima ambayo hakuwa ameizoea.

Gramu 4.7 zilizoongezeka zilitosha kukishinda kizito cha mkiani, hata kiliposogezwa nyuma hadi mwisho, kwa hiyo sarafu mbili za shilingi 100 zilinatishwa hapo kwa utepe, Mwalimu Nyerere akawa anasafiri kinyumenyume kila mkono unapoelekea katikati ya sahani. Kisha zilikuja nyaya nne za rangi nne: nyeupe na buluu kwa spika ya kushoto, nyekundu na kijani kwa spika ya kulia. Mwandishi aliziunganisha usiku kwa mwanga wa simu, mwanga ambao, kwa maoni yake, ndio wa kulaumiwa kwa kubadilishana nafasi kwa nyeupe na buluu. Kosa la namna hii halikizimi kinanda. Huzifanya spika mbili zipingane, moja ikisukuma hewa wakati mwenzake anaivuta, na kwa kuwa santuri nyingi za bendi za zamani za Afrika Mashariki ni za mono, yaani spika zote mbili hupewa sauti ileile moja, besi humezana yenyewe kwa yenyewe na mwimbaji huonekana kuimba akiwa nyuma ya kisogo cha msikilizaji. Kwa wiki nzima mwandishi aliwaeleza wageni kwamba hiyo ndiyo tabia ya mpingo, na kwamba sikio lisilofundishwa huchelewa kuielewa. Binti yake wa darasa la sita ndiye aliyeuliza kwa nini rangi za waya hazifanani na picha ya kwenye karatasi.

Jioni ya siku ya pili baada ya nyaya kurudishwa mahali pake, mnunuzi wa dhahabu alibisha hodi akiwa na mizani yake mfukoni, akasema amekuja kusaidia kupima zile gramu mbili na nusu, msaada ambao huenda haukuwa na huruma peke yake. Mizani iliwekwa chini ya sindano, ikasoma 4.1, kiasi kinachotosha kuilima sahani. Kizito kikasogezwa kwa upana wa ukucha, ikasoma 3.2, kisha 2.1, na watu wazima wawili wakazuia pumzi mpaka ikatulia kwenye 2.50. Iliwekwa sahani ya Mbaraka Mwinshehe ya mizunguko 45 kwa dakika, iliyochapwa Nairobi kama zilivyokuwa nyingi za bendi za Tanzania wakati huo, na gitaa la besi lilitoka mahali ambapo kwa miaka yote mwandishi alidhani pana ukimya. Mnunuzi alisikiliza upande wa kwanza bila kusema neno, akaigeuza sahani mwenyewe, akasikiliza na wa pili. Alipoaga alikuwa amekwisha kuirudisha mizani mfukoni, lakini mlangoni alisita.

"Mzee wangu, hiyo almasi ikichakaa, usiitupe. Nipigie."