Bia ya Zamu Hii

Mtu akishajua kwamba unajitengenezea bia nyumbani, hakuulizi tena hali. Anakuuliza zamu ijayo unatengeneza gani, na kabla hujafungua mdomo ameshakuagizia. Hajachangia hata kizibo. Hajawahi kuosha chupa moja. Lakini maoni anayo, tena kwa sauti, mbele ya watu, ibada ikiwa imetoka sasa hivi.

Ndiyo maana pipa langu la plastiki la lita 23 limekaa tupu chini ya ngazi, hapa Reading, Uingereza, na Mama Neema ametamka rasmi kwamba ama lijae ama litoke, kwa sababu anapataka pale mahali pa kuwekea mashine ya kufyonza vumbi. Vitu vyote vipo. Kimea kipo kabatini, hamira iko kwenye friji karibu na siagi, hopsi ziko kwenye friza ndani ya mfuko ambao watoto hawausogelei kwa harufu. Kinachokosekana ni uamuzi, na uamuzi kila mtu anavutia kwake.

Mimi hutumia kimea cha kopo. Shayiri imeloweshwa ikachipua, ikakaushwa, ikasagwa, ikatiwa maji ya moto mpaka utamu ukatoka, kisha maji yale yakapunguzwa kwa moto hadi yakawa rojo zito la hudhurungi linalonata kila mahali, hata kwenye kitasa cha mlango wa chooni ambako sijui lilifikaje. Kazi hiyo yote wameshaifanya watu wengine, Stowmarket na kwingineko, wakaifungia kwenye kopo la kilo moja na nusu. Mimi nafungua, nayeyusha, nachemsha na hopsi, napoza, natia hamira. Makopo mawili kwenye lita 23 yanakupa bia ya karibu asilimia nne, bia ya mtu mwenye kazi kesho asubuhi.

Sasa njoo kwa shemeji yangu. Shemeji anataka laga. Zamu zote anataka laga. Ameishi nchi hii miaka na miaka na bado hajakubali kwamba kuna bia inayonyweka bila chupa kutoa jasho. Anaitaka ya njano, inayong'aa, baridi mpaka vidole viume, ile aliyoizoea pembeni ya nyama choma kule Moshi. Nimemweleza kwa upole wote niliojaliwa. Hamira ya laga inataka nyuzi 10 hadi 13, ifanye kazi taratibu, halafu bia ikae majuma mengine kwenye baridi inayokaribia sifuri ndipo itulie. Jikoni kwangu ni nyuzi 20. Kibanda cha nje usiku ni friza, mchana jua likitoka ni chumba cha wageni. Friji ya bia peke yake ninayo ndotoni.

Na hata ningekuwa nayo, kopo halitoi njano. Kile kimea kimeshapikwa mara moja kiwandani, mimi nakipika mara ya pili, na kikikaa kabatini kinaendelea kuwa cheusi polepole humo humo kwenye kopo. Zipo mbinu: unanunua cha unga, ambacho hakiharibiki rangi upesi, au unatia nusu tu mwanzoni na nusu nyingine dakika za mwisho za kuchemsha. Inasaidia. Lakini ukitaka bia ya njano hasa, ya kumulika glasi, kopo litakuaibisha mbele ya wageni. Shemeji alinisikiliza vizuri sana, akatikisa kichwa, akasema, "Nimekuelewa shemeji. Basi tengeneza ya njano kiasi."

Upande wa pili wa ua yupo jirani, mzee mstaafu, yeye ni mtu wa nafaka. Anaanza na shayiri yenyewe, analowesha, anapima joto, anachuja, anaosha makapi, Jumamosi nzima inamwishia humo. Kwake mimi si mpishi, ni mkorogaji. Hasemi hivyo, la. Ananidharau kwa adabu ya Kiingereza: nikimwonjesha bia yangu, anasifia chupa.

Yeye naye anayo orodha yake ya zamu ijayo, na kila kilichomo kinanipita. Eti nitengeneze stauti ya oti, ile nafaka ya uji. Nafaka hiyo ukiitia tu kwenye maji ya moto unapata uji kweli, na wanga wake unabaki wanga. Inataka kimea hai cha kuugeuza sukari, na kimea changu kilishafia kwenye kopo. Anayajua hayo. Nadhani ndiyo sababu ananishauri. Wakati yeye saa kumi jioni bado anamwaga makapi, mimi tangu saa sita mchana nimeshakaa naangalia mpira. Hilo nalo halisifii.

Zamani ningepata kisingizio cha serikali. Tangu 1880 ilikuwa lazima ukate leseni ndipo ujipikie bia nyumbani, mpaka Waziri wa Fedha Reginald Maudling alipoifuta kwenye bajeti ya 1963. Tangu hapo tengeneza uitakayo, kiasi ukitakacho, mradi usiuze hata chupa moja. Na mji wenyewe wa Reading ulikuwa na jina kwa vitu vitatu: bia, biskuti na mbegu za bustani. Biskuti ziliacha kuokwa 1976, mbegu zikahamia Torquay, na kile kiwanda kikubwa cha bia karibu na barabara kuu ya M4 kikafungwa 2010. Ukipiga hesabu utaona kwamba heshima ya Reading imebaki chini ya ngazi yangu, na inazuia mashine ya vumbi.

Kijana mmoja wa kazini anataka IPA, ile ya Kimarekani inayonukia machungwa na maembe. Nampenda kijana yule, ila hajui bei. Hopsi za aina ya Citra au Mosaic, ukitaka harufu hasa, zinapita gramu 200 kwenye pipa moja, na nyingine unazitia mwishoni kabisa, baridi, zikae tu zinukie. Halafu harufu yenyewe haingoji. Miezi miwili mitatu imeshapotea, umebaki na uchungu mtupu. Na wageni wangu mimi nawafahamu. Mara ya mwisho mama mmoja wa kwaya alionja, akaishika ile glasi mbali na mwili, akaniuliza kwa huruma kama nimetia mwarobaini.

Ingekuwa ni mimi peke yangu, ningetengeneza stauti na mjadala ungefungwa. Kopo na bia nyeusi wanasitiriana. Rangi haikuumbui, ladha ya kimea kilichokaa inajificha, na kazi ya nafaka iliyopo ni ndogo: robo kilo ya shayiri iliyokaangwa mpaka ikawa nyeusi, imepondwa, imetiwa kwenye mfuko wa kitambaa, inaning'inizwa kwenye maji ya nyuzi 65 hadi 70 kwa nusu saa. Usiyaache yachemke, yatatoa ukakasi. Maji yanaanza na michirizi ya kahawia pembeni mwa mfuko, michirizi inakutana, mara sufuria nzima imekuwa nyeusi na nyumba inanukia kahawa. Unatoa mfuko unauacha uchuruzike, usiukamue. Unainua sufuria motoni. Hapo pa kuinua sufuria wengi hupadharau: ukimimina rojo la kopo moto ukiwaka, linazama moja kwa moja hadi chini na kuungua, na bia yako itakumbuka. Kopo lenyewe uwe umelisimamisha kwenye maji moto kabla, ndipo litiririke. Unakoroga na mwiko mpaka mwiko usiguse tena kitu kinachoteleza chini. Ndipo unarudisha motoni, na hapo usigeuke hata kumjibu mtu, maana povu likipanda halipigi hodi.

Lakini siko peke yangu. Kipaimara cha Neema kiko wiki tano mbele, na Mama Neema ameshawaambia watu kwamba kinywaji kipo. Bwana mmoja wa Pemba, rafiki yetu, asiyegusa pombe tangu azaliwe, naye amepata la kusema: "Mimi situmii, lakini kama ningekuwa natumia, ningependa kitu chepesi." Asante sana. Nimemwahidi maji ya tangawizi, na yeye ndiye mtu pekee kwenye orodha ambaye oda yake haijanisumbua.

Jumapili moja ikaja simu ya shangazi kutoka Kibosho.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Nasikia unapika pombe ya kipaimara. Kimea umeotesha mwenyewe?"

"Hapana shangazi. Cha kopo."

Akanyamaza kidogo. "Cha kopo. Kama nyanya?"

"Kama nyanya."

Shangazi ni mtu wa mbege. Ulezi anaulowesha mwenyewe, anauotesha, anauanika, anausaga. Ndizi mbivu anazichemsha mpaka zigeuke nyekundu, anaziacha zichachuke siku kadhaa, anachuja, ndipo anatia uji wa ule ulezi, na keshoye kata zinazunguka. Uchungu anautoa kwenye gome la msesewe. Akaniuliza mimi msesewe nimeupata wapi huku. Nikamwambia tunatumia maua, yanaitwa hopsi.

"Maua," akasema. "Na inakaa muda gani?"

"Stauti, kama wiki sita hivi, ukitaka itulie vizuri."

"Na msiba ukitokea wiki ya pili? Wageni utawapa maua?"

Mtu unaweza kubishana na mzee wa nafaka na haidromita zake, lakini kwa hoja ya msiba hakuna pa kushika. Pombe ambayo haimuwahi mgeni shangazi haihesabu kuwa pombe, na kusema kweli nami sina uhakika kwamba amekosea. Nikamtajia ya ngano basi, kama kujitetea. Wabavaria wanayo hamira yao ya bia ya ngano. Ikifanya kazi kwenye joto la jikoni inatoa yenyewe harufu ya ndizi mbivu na karafuu.

"Ndizi umetia ngapi?"

"Hakuna ndizi shangazi. Ni hamira tu."

"Kwa hiyo mnadanganya pua."

Akacheka mpaka akakohoa, akanipa salamu za watu wote wa ukoo mmoja mmoja, akakata. Na mimi nikabaki nimeshika simu huku hesabu zikijipanga zenyewe. Kimea cha ngano kinauzwa tayari kwenye kopo, kimechanganywa na shayiri, hakihitaji mfuko wala kibali cha jirani. Hopsi inataka kidogo, kwa hiyo kwaya haitalalamika. Nyuzi 20 za jikoni zinaitosha. Wiki tatu mpaka nne inanyweka, na ikikaa zaidi inapoteza utamu wake. Ukungu wake si dosari. Inatakiwa iwe na ukungu. Hata ikitoka nyeusi kidogo kuliko ilivyoandikwa kwenye kopo, hakuna wa kukunja uso. Mambo yote ambayo kopo haliwezi, bia hii haikuyaomba.

Nimeagiza makopo mawili. Sharti lake ni chupa nene, kwa sababu inataka gesi nyingi kuliko nyingine na sipendi kuokota vioo siku ya kipaimara. Nusu lita, arobaini na kitu, zote za kuosha, na waagizaji wote ghafla wana shughuli Jumamosi hiyo. Yale makopo ya zamani kabatini, Mama Neema ametaka kujua hatima yake. Nimemwambia yaache yazidi kuwa meusi, yanaelekea kwenye stauti ya Desemba na yanajua njia. Ametazama pipa, ametazama mashine ya vumbi, hajasema kitu.

Shemeji amepiga jana usiku. Hakuuliza habari ya mtoto, hakuuliza kanisa ni saa ngapi.

"Ila ni laga, sivyo?"

"Ndiyo shemeji. Laga ya ngano."

"Nilijua tu utanisikiliza," akasema, na amefurahi kweli, anakuja na marafiki wawili. Wakiuliza ukungu ule wa nini, nitawaambia ni hali ya hewa ya Uingereza.