Utetezi wa Kadi Mpya Katika Kompyuta Kongwe
Anastahili pongezi mmiliki wa Dell OptiPlex 7010, kompyuta ya mezani ya mwaka 2012, anayeipachika GeForce RTX 4090, yaani kadi ya michoro inayochora picha za michezo kwenye skrini, kwani ni uungwana kumvika kanzu ya harusi mzee asiyeweza hata kusimama. Kwamba pawa saplai, kisanduku kinachogawa umeme ndani ya mashine, hutoa wati 275 ilhali kadi pekee hudai 450, ni hoja ya mafundi wasio na imani. Na kasha likikatwa msumeno ili milimita 304 za kadi zipenye, hiyo ni hewa safi ya bure. Prosesa, ubongo wa mashine, itaisubirisha kadi kama karani anavyomsubirisha waziri. Kadi hiyo ilizinduliwa mwaka 2022 kwa dola 1,599, pawa saplai haimo.