Hellboy na Karatasi za Bajia

Hellboy ana ngozi nyekundu, kwato, mkia, na vibutu viwili vya pembe juu ya paji la uso, kwa sababu pembe zenyewe amezikata. Mkono wake wa kulia ni wa jiwe, mkubwa kupita kiasi. Mtu akimwona kwenye jalada bila kusimuliwa chochote atasema ni shetani, naye atakuwa amesema kweli. Mama mkwe wangu alimwona hivyo alfajiri moja, akipapasa rafu ya watoto kutafuta miwani yake, na tangu saa ile nyumba yetu ya Ngamiani haikutulia.

Alikuwa amekuja Tanga kutoka Pangani kutibiwa goti. Tulimpa chumba cha watoto kwa kuwa dirisha lake linapokea upepo, na vitabu vyangu vimo humo humo. Ananiletea shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ambaye ni baharia. Kila akishuka kwenye bandari yenye duka la vitabu hunitafutia jalada moja, na akija likizo hulitoa kwenye begi kabla hata ya zawadi za mama yake.

"Mwanangu, hebu njoo," Mama aliniita.

"Abee, Mama."

"Huyu analala na wajukuu zangu tangu lini?"

Nilimweleza nikiwa bado na mwiko wa uji mkononi. Nikamwambia ni hadithi ya picha, mtunzi na mchoraji wake ni Mmarekani aitwaye Mike Mignola, ilianza kutoka mwaka 1994, na huyu mwekundu ni mtu mwema, kazi yake kupambana na majini wabaya. Akaniuliza, kwani majini wamo humo ndani? Wamo. Sikuweza kumficha mama mkwe. Wamo majini, wachawi, mizuka, na maiti wanaosema.

Mchana umeme ukakatika. Mtungi wa gesi ukaisha pilau haijakauka maji, tukaihamishia kwenye jiko la mkaa, na mkaa wenyewe ulikuwa na unyevu, moshi ukajaa ukumbini. Kisha koki ya tangi ikang'oka, uani kukafurika, mwanangu mdogo akateleza akapasua kidevu. Kila moja la haya lina sababu yake na fundi wake. Lakini yalikuwa yamekutana siku moja, katika nyumba ambayo alfajiri yake kumeonekana shetani mwenye mkono wa jiwe, na Mama akayaunganisha. Alitia ubani kwenye chetezo, akazunguka nacho chumba hadi chumba akisoma, goti lile lile bovu likimuuma. Mume wangu akasema vitabu vitoke kwanza, Mama apumzike, mengine tutazungumza.

Kifungua mimba wangu akavitia kwenye kiroba cha unga, akakiweka barazani. Hapo barazani ndipo tunapomwekea jirani yetu muuza bajia magazeti na madaftari ya zamani ya kufungia. Hupita baada ya alasiri kuyachukua. Siku ile alipita.

Nataka nieleze kilichokuwa ndani ya kiroba kile, maana mume wangu aliponiona nalia alidhani nalilia bei.

Hellboy aliitwa duniani tarehe 23 Desemba 1944. Rasputin, yule Mrusi ambaye katika hadithi hii mauti hayakumweza, aliwafanyia Wanazi kafara kwenye kisiwa kimoja cha Scotland, akiita kiumbe wa kuimaliza dunia. Kiumbe akaja, ila akatokea kwingine kabisa, kwenye magofu ya kanisa huko Uingereza, mbele ya askari wa Marekani: kitoto chekundu, kidogo, kinachoshangaa. Profesa Trevor Bruttenholm akamchukua akamlea. Mengine yote yanatoka hapo. Mkono ule wa jiwe ni ufunguo wa kuwafungulia majoka saba watakaoiangamiza dunia. Jina lake la kuzaliwa ni Anung un Rama, na kila mchawi, kila mzimu, kila mkubwa wa kuzimu anayekutana naye humwita kwa jina hilo na kumwambia arudi kwenye kazi aliyozaliwa nayo. Naye anakataa, bila hotuba. Anavaa koti lake refu, anakwenda kazini kwenye idara inayomwajiri, anapigwa, anatupwa ukutani, anainuka, kesho anatumwa tena.

Mashujaa wengine wa vitabu vya picha wamenipita bila kunigusa sana. Wanapewa nguvu kwanza, wema wanaupata njiani. Huyu alizaliwa na ubaya umeshaandikwa kwenye mkono wake, na kilichosimama katikati yake na ubaya huo ni kwamba kuna mzee aliyemwita mwanangu. Mimi nina watoto watatu. Siwezi kulisoma jambo hilo nikapita.

Halafu kuna michoro. Mimi ni fundi cherehani, jicho langu huanza na mkato. Mignola anachora kwa weusi: uso wa mtu unaweza kuwa jicho moja na ncha ya pua, kilichobaki ni wino mtupu, na kingo za wino huo zimenyooka kama kitambaa kilichokatwa kwa mkasi mkali bila kupigiwa chaki. Katikati ya mapigano atakuwekea kisanduku kidogo hakina hata neno: sanamu ya kanisani iliyovunjika, fuvu, jani. Mapigano yanaendelea pembeni, wewe umesimama hapo. Ni hapo ninapoogopa kweli kweli. Mazimwi hayanitishi kiasi hicho. Vita vikubwa vya majoka na Wanazi navisoma kwa sababu ya ukoo wa hadithi, lakini vinajaa watu na majina hadi vinachosha. Utamu uko kwenye visa vifupi, na visa vifupi ndivyo vilivyokuwa juu ndani ya kiroba.

Nilijitanda khanga nikatoka. Muuza bajia alikuwa pembeni ya karai lake, mafuta yanachemka, na jalada la The Chained Coffin and Others limelala wazi magotini mwake, limechanwa hadi katikati. Jingine, The Troll Witch and Others, alikuwa ndiyo kwanza ameanza kulichana.

"Shoga, leo umenipa karatasi nzuri," alisema, "lakini hazinywi mafuta. Wateja wamenung'unika toka saa kumi."

Nilipomweleza akashika kichwa. Alinirudishia kiroba, akamwacha binti yake kwenye karai, tukafuatana mtaani kuwatafuta waliokula.

Ukurasa wa kwanza tuliukuta kijiwe cha bodaboda. Kijana ameshamaliza bajia zake, ameukunjua ukurasa juu ya tangi la pikipiki, chatini ya nazi imepita katikati ya mwezi uliochorwa. Kwenye picha Hellboy amebeba maiti mgongoni, njia ni nyeusi, miti imeinama.

"Dada, huyu anampeleka wapi marehemu?" aliniuliza. Hakuniuliza kuhusu pembe wala mkia.

Ikabidi nimsimulie. Ni Ireland, mwaka 1959. Mtoto mchanga ameibwa na viumbe wasioonekana, na kwenye kitanda chake wameacha wa kwao aliyejigeuza sura. Hellboy anamgusa kwa chuma, kile kiumbe kinaungua na kujifichua. Wenye kuiba wanampa sharti: maiti huyu hapa, mpeleke ukamzike makaburini kabla ya alfajiri, mtoto atarudi. Basi anambeba. Anakwenda kwenye kanisa hili, wafu wa pale wanasema hakuna nafasi. Anakwenda kwenye jingine, jibu lile lile. Maiti naye anasema mgongoni. Usiku unakwisha. Waliokuwa kijiweni walinyamaza wote, mteja aliyekuwa anataka kwenda Chumbageni akangoja hadi mtoto akarudishwa kwa mama yake, kisha ukurasa ukakabidhiwa kwangu kwa mikono miwili.

Ikawa hivyo mtaa mzima. Kwa wazee wanaocheza bao ukurasa ulikuwa umewekwa chini ya jiwe usipeperuke, wanaujadili. Mama mmoja alikuwa ameshautupa, akaingia mwenyewe jalalani kuutoa. Watoto waliotoka madrasa walikuwa na kurasa mbili na hawakutaka kuachana nazo mpaka nilipowaahidi kuwasomea Ijumaa. Na karatasi zile zilizokataa kunywa mafuta zilikuwa zimejiokoa: nilipofika nyumbani nikazifuta kwa kitambaa kikavu, mafuta yakatoka juu juu, wino haukuguswa.

Nilizitandaza kwenye mkeka ukumbini nikizipanga kwa namba. Mama alikuwa kitandani, mlango wazi. Nilimsikia akishuka. Alikuja akakaa kwenye kigoda, akatazama muda mrefu bila kusema, kisha akaweka kidole kwenye picha ya yule mtoto.

"Kwa nini anamgusa kichanga na chuma?"

Nikamweleza. Akatikisa kichwa polepole. Akasema mume wangu alipozaliwa aliwekewa kisu chini ya mto siku zote arobaini, na aliyekiweka ni mama yake yeye, na kama si kile kisu angeniuliza sasa hivi nimeolewa na nani. Akataka kujua huyo Mmarekani amefundishwa na nani. Nikamwambia kisa hiki amekifuma kutokana na ngano ya Ireland, ya mtu anayelazimishwa kuzunguka na maiti usiku kucha.

"Ana wazee, basi," alisema, akavaa miwani.

Tukaendelea. Nilimpa kisa cha Makoma, kilichotoka mwaka 2006 kwa sehemu mbili, na ambacho sehemu yake kubwa imechorwa na Richard Corben, mtu wa misuli mizito na udongo unaoweza kuunusa. Hellboy yuko New York, kwenye klabu ya wavumbuzi, mwaka 1993, ameketi mbele ya maiti mkavu wa kale, na maiti huyo anamwambia kwamba zamani sana yeye ndiye aliyekuwa Makoma. Makoma si wa kubuniwa Marekani. Ni shujaa wa Wasena wa bonde la Zambezi, na ngano yake ilichapwa kwa Kiingereza katika mkusanyo wa Andrew Lang mwaka 1906. Anatembea na nyundo na mfuko. Anakutana na jitu linalofanya milima, jitu linalofanya mito, jitu linalopanda miti, jitu linalokula moto. Kila mmoja anampiga nyundo na kumtia mfukoni, anaendelea na safari.

Mama alinikatiza kabla sijamaliza. "Liyongo," alisema.

Akaanza yeye. Alisimulia jinsi Fumo Liyongo alivyokuwa na nguvu zisizo na mfano, jinsi mfalme alivyomwogopa, jinsi walivyomtuma mwanawe mwenyewe amuulize baba yake kinachoweza kumuua, na baba akijua amesalitiwa akamwambia: sindano ya shaba, kitovuni. Jinsi alivyochomwa usingizini, akainuka, akatoka hadi kisimani, akapiga goti akatia mshale kwenye uta, akafa katika hali ile, na mji mzima ukakaa bila maji kwa kuogopa maiti. Watoto walikuja mmoja mmoja wakakaa. Mume wangu alirudi kutoka msikitini akasimama mlangoni, kikapu mkononi. Nimemsikia Mama akisimulia mambo mengi, sijawahi kumsikia hivi. Na nilielewa kitu nilichokuwa nakihisi miaka yote bila kukipatia maneno: Hellboy hakunivuta kwa ugeni wake. Mignola huwasikiliza wafu kwa adabu ile ile. Mzimu kwake una dai, una sharti, una kiapo ulichovunjiwa, na shujaa lazima asikilize kabla ya kupiga.

Mwisho nilimtolea kisa cha kurasa mbili tu, kilichokuwa salama chini kabisa ya kiroba ndani ya The Right Hand of Doom. Ni mwaka 1947, kambi ya jeshi New Mexico. Hellboy bado mdogo, ananuna, hataki chakula alichowekewa: chapati za maji. Wanambembeleza. Anaonja. Anapenda. Na huko kuzimu, mji mkuu wa mashetani unalipuka kwa vilio, wakubwa kwa wadogo, kwa kuwa mtoto ameonja na hatarudi kwao tena.

Mama alicheka hadi akashika goti. Akairudia ile picha ya mashetani wanaolia, akacheka tena, akawaita wajukuu waione. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Wamemlisha. Imekwisha," akaniuliza kama kuna unga wa ngano. Upo. Tulikula chapati za maji saa nne usiku, kwa taa ya chaji, umeme haujarudi.

Vitabu viwili vilivyochanwa nilivishona. Shazia ilikuwa nene mno, nikatumia sindano ya ngozi na uzi wa nailoni, nikapitisha mishono mitatu karibu na mgongo wa kila jalada na kuufunika kwa kipande cha khaki. Ukurasa mmoja wa Makoma haujapatikana. Yule kijana wa bodaboda anasema aliyekuwa nao ni abiria wa Muheza, na ameapa kumtafuta. Mama alirudi Pangani goti likiwa limepata nafuu, na The Troll Witch ndani ya mkoba wake, akisema ana shoga zake wa kuonyeshwa.

Kabla ya kuondoka aliniuliza kama Hellboy anakufa. Sikumficha. Anakufa, kwenye The Fury ya mwaka 2011, na kuanzia mwaka 2012 hadi 2016 kisa kikaendelea naye akiwa huko huko kuzimu, kwenye Hellboy in Hell. Alikaa kimya akilifikiria hilo, akaniambia anataka kujua wale waliomlilia siku ya chapati watampokeaje. Shemeji ameandika kwamba meli yao itapita Rotterdam. Nimemtumia jina la kitabu, na Mama ametuma salamu kwamba kikifika kisipitishwe barazani.